Sifa na Jibu Lake: Safari ya Pakruok katika Kasipul

Miongoni mwa Wajaluo wa Oyugis na eneo zima la Kasipul, katika Kaunti ya Homa Bay, pakruok ni mchezo wa maneno ambamo mtu husimamisha muziki kwa kutoa fedha kidogo, kisha akajisifu au akamsifu mwenzake mbele ya hadhira, akitaja ukoo, mama, shemeji na marafiki kwa lugha ya mafumbo, kabla ya muziki kuendelea. Mgeni huweza kuyaona hayo kuwa majigambo matupu, lakini wanaoukumbuka mchezo huo ulivyokuwa zamani wanajua kwamba sifa ilikuwa na mizani yake, na kwamba historia ya pakruok ni historia ya jinsi mizani hiyo ilivyolegea hatua kwa hatua.

Hapo awali mchezo huu ulistawi matangani na katika mikusanyiko ya pombe, ambako wazee walikizunguka chungu kimoja na kunywa kwa oseke, yaani mirija mirefu, huku mpigaji wa nyatiti akiwa ameketi kwenye kigoda. Nyatiti ni ala ya nyuzi nane, na mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye ukingo wa ala ili kushika mapigo, huku njuga zilizofungwa mguuni zikiitikia. Sarafu ilipotolewa, vidole viliziacha nyuzi na msemaji akapewa nafasi. Aliyejiita mkulima hodari alijua kwamba jirani anayelipita shamba lake kila siku, na kuyaona magugu yake, huenda ameketi hatua chache tu kutoka kwake, na kwamba jirani huyo naye ana haki ya kutoa sarafu na kujibu. Jibu hilo halikuhesabiwa kuwa tusi, bali lilikuwa masahihisho yaliyotolewa hadharani, kwa utani, na mtu aliyeyajua mambo kwa karibu. Kwa hiyo msemaji alijifunza kuchagua sifa anayoweza kuitetea, na sifa iliyopita bila kupingwa ilipata uzito, maana waliokuwapo wote walikuwa wameiridhia.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika miaka ya 1960 na 1970, wakati vijana wa Nyanza walipouhamishia mdundo wa nyatiti kwenye gitaa na kuukuza muziki wa benga, ambao ulisambazwa kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyingine zikitolewa na kampuni ya Chandarana mjini Kericho. Kila upande wa santuri hizo ulibeba dakika chache tu, ndiyo maana nyimbo nyingi ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili, na ndani ya dakika hizo yakaingia majina ya marafiki na wafadhili. Sifa ikasikika Migori, Kisumu na Nairobi, kwa watu wasiomjua anayesifiwa wala shamba lake, na nafasi ya kujibu ikatoweka, kwa sababu santuri haisimamishwi kwa sarafu.

Si haki kumlaumu mwanamuziki peke yake, kwani riziki yake ilitegemea waliomlipa. Daniel Owino Misiani (1940–2006), mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania na kiongozi wa bendi ya Shirati Jazz, alithibitisha kwamba benga inaweza kubeba ukosoaji, akiwasema watawala kwa mafumbo, na kwa ajili hiyo aliwahi kutiwa korokoroni. Pale ambapo mwenye kusifu hulipwa na mwenye kukosoa hufungwa, haishangazi kwamba wanaosifu huwa wengi kuliko wanaokosoa.

Leo ohangla, muziki wa ngoma ambao sasa huambatana na kinanda cha umeme, umeurithi mchezo huo, na tangu huduma ya M-Pesa ianze mwaka 2007, hata asiyekuwapo anaweza kutuma fedha ili jina lake litajwe. Madhara yake huonekana zaidi wakati wa kampeni, kwani mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kiongozi anayeshangiliwa kwa barabara ambayo haijajengwa hana haraka ya kuijenga.

Ukosoaji, hata hivyo, haukufa, bali sehemu yake moja ilihamia shuleni. Katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, wanafunzi hupiga nyatiti, orutu (fidla ya uzi mmoja) na ngoma mbele ya waamuzi, ambao huwapa alama na kuwaeleza ni wapi sauti zilipotea na wapi mapigo yaliyumba. Mwanafunzi aelezwaye kosa lake kwa heshima hupata kitu ambacho makofi hayawezi kumpa, yaani njia ya kulirekebisha. Lakini mwamuzi hupima ufundi peke yake, na ukweli wa sifa zinazoimbwa umebaki bila mpimaji.

Anayetaka kuirudishia pakruok heshima yake hana haja ya kupunguza sifa, kwa sababu binadamu huhitaji kusifiwa anapofanya vyema. Linalohitajika ni kumrudishia msikilizaji haki ya kujibu, katika tafrija, mikutano ya kisiasa na kila hadhara ambamo jina la mtu hutukuzwa, kwa kuwa ni pale tu ambapo mtu anaweza kukanushwa ndipo kusifiwa kwake kunapokuwa ushahidi.