Ligi Ikiongezwa Tena, Isiolo Tuko Hapa

Mwaka 2017 ligi kuu yetu iliongezwa kutoka timu 16 hadi 18. Sasa niulize tu: zikiongezwa tena, zitaenda wapi? Nairobi tena? Bandari wako Mombasa, Shabana Kisii, Homeboyz Kakamega. Huku kaskazini je?

Msiniambie Isiolo ni mbali. Lami ya kutoka Nairobi hadi Moyale inapita hapa kwetu, na uwanja wa ndege tunao. Kijana akiwa mkali anapanda basi kwenda kutafuta timu Nairobi. Akikosa nauli, kipaji kinaishia mtaani. Mborana, Msomali, Mturkana, Mmeru, Msamburu, siku ya mechi wote wangeshangilia timu moja. Hiyo si kitu kidogo huku. Nafasi tutaipigania uwanjani, lakini ramani ya ligi isiishie Murang'a.