Saa iliyo ndani ya jiwe la Rusinga

Wasomaji wangu, niwieni radhi kwa kimya cha wiki kadhaa. Kwa kawaida hapa tunaongea habari za programu, kompyuta na simu zinazotusumbua. Leo naomba mnivumilie, kwa sababu nataka kumzungumzia mtu aliyefariki mwaka 1937, kabla ya kompyuta hizi tunazozijua. Jina lake ni Ernest Rutherford. Wanafizikia humwita baba wa fizikia ya nyuklia. Aliyenifanya nimsome upya, lakini, si mwalimu wala kitabu. Ni dani wangu, yaani nyanya mzaa baba.

Dani anaishi Rarieda, kaunti ya Siaya, si mbali na kivuko cha Luanda Kotieno. Maisha yake yote ameanika omena na kuwauza. Kaburi la babu liko mbele ya nyumba, na yeye ameshatuonyesha mahali atakapolala, kando yake. Sasa basi, mwaka 2025 serikali ilielekeza macho Siaya kwa ajili ya mtambo wa kwanza wa umeme wa nyuklia nchini, baada ya wakazi wa Uyombo kule Kilifi kuupinga mpango huo usijengwe kwao. Luanda Kotieno ikawa miongoni mwa sehemu zilizotajwa. Mikutano ikaitishwa, wengine wakaahidiwa kazi, wengine wakaogopeshwa na habari za mabomu. Dani akanipigia simu.

"Wewe ndiye uliyesomea mambo ya mashine," akaniambia kwa Kijaluo. "Njoo unieleze hicho kitu ni nini, na takataka yake itakaa hapa kwa muda gani."

Nikamwambia mimi ni mtu wa programu tu, si mtu wa nyuklia. Akanijibu kwamba ada ya shule aliyotoa haikuchagua somo. Nikanyamaza. Jumamosi nikapanda matatu Kisumu, tukapita Kisian, tukakata kona ya Ndori kuelekea ziwani, na kichwani nikiwa nimejiandalia hotuba nzuri ya kumtoa hofu. Nilidhani naenda kufundisha.

Kabla sijafika kwa dani, nimweleze kwanza huyu Rutherford. Alizaliwa mwaka 1871 huko New Zealand, mtoto wa nne katika familia ya watoto 12, baba yake akifanya kazi za mikono na kilimo. Alipoomba ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza hakushika nafasi ya kwanza. Alikuwa wa pili, na aliyemtangulia akaiacha nafasi hiyo. Ndivyo Rutherford alivyofika Cambridge mwaka 1895. Wewe uliyewahi kuwa wa pili kwenye orodha ya ufadhili, usikate tamaa mapema.

Mwaka 1898 alikwenda kufundisha Montreal, Kanada, na huko ndiko alikogundua jambo lililonifanya niandike makala hii. Madini ya thoriamu yalikuwa yakitoa hewa fulani yenye mionzi. Rutherford akaipima nguvu ya hewa hiyo, akaona kwamba kila ikipita takriban dakika moja, nguvu inabaki nusu. Dakika nyingine, nusu ya ile nusu. Haijalishi umeanza na nyingi au kidogo, umeipasha moto au umeipoza. Muda huo wa kupungua hadi nusu tunauita nusumaisha, na kila aina ya atomu yenye mionzi ina wake. Akishirikiana na Frederick Soddy, alionyesha kwamba kinachotokea ni atomu ya elementi moja kugeuka kuwa ya elementi nyingine, jambo ambalo wasomi wengi waliamini haliwezekani. Mwaka 1908 akapewa Tuzo ya Nobel, tena ya kemia, yeye mwanafizikia! Baadaye, akiwa Manchester, alitangaza mwaka 1911 kwamba atomu ina kiini kidogo sana katikati. Kama atomu ingekuwa kubwa sawa na uwanja wa Jomo Kenyatta pale Mamboleo, kiini chake kingekuwa kama punje ya mahindi katikati ya nyasi. Neno "nyuklia" linatokana na kiini hicho.

Haya, turudi kwa dani. Jioni ile niliiacha hotuba yangu mfukoni, nikaomba vifuniko vya soda kwenye duka la jirani. Nikahesabu 64. Nikamwambia: kila kifuniko ni atomu. Tikisa kwenye sufuria, mwaga chini, kilicholala chali ondoa. Dani akatikisa. Vikabaki 33. Akatikisa tena, 15. Kisha 8, kisha 5, kisha 2, kisha kimoja. Watoto wa boma wakajaa, wakashangilia kama mpira. Nikamweleza kwamba kila kutikisa ni nusumaisha moja. Kuna atomu zinazotikiswa kila baada ya siku 8, kama iodini 131. Kuna za miaka 30, kama siziamu 137. Na kuna plutoniamu 239, ambayo nusumaisha yake ni miaka 24,100. Zote hizo hupatikana ndani ya mtambo wa nyuklia.

Dani akashika kile kifuniko cha mwisho. "Na hiki kitaondoka lini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hakuna ajuaye. Fizikia inaweza kukuambia karibu kabisa ni ngapi kati ya milioni zitaondoka, lakini ukichagua atomu moja, haiwezi kukuambia siku yake. Atomu haizeeki, haina kumbukumbu. Iliyokaa miaka elfu ina nafasi ile ile ya kubaki kama iliyozaliwa leo.

Akakigeuza geuza kile kifuniko. "Kwa hiyo wanajua habari za umati, hawajui habari za mmoja," akasema. "Na mimi, mjukuu wangu, ni mmoja. Boma hili ni moja."

Sikuwa na jibu. Nililala nikilifikiria neno hilo.

Asubuhi tukapanda kivuko pamoja kuelekea Mbita, kwa sababu dani ana dada yake aliyeolewa Rusinga. Ng'ambo ni karibu saa moja tu. Nilipoiona milima ya upande wa kusini ikikua polepole mbele yetu, nikakumbuka kwamba kazi ya Rutherford iko ng'ambo zote mbili za ghuba hii. Upande tuliotoka kuna mpango wa mtambo. Upande tunaokwenda kuna saa yake.

Nieleze. Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Mary Leakey alipata fuvu la mnyama wa jamii ya nyani wasio na mkia, lililopewa jina la Proconsul. Mwaka 1993 visukuku vya aina hiyo vilipewa jina la heseloni, kumkumbuka Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi ya kuchimba na akina Leakey kwa miaka mingi. Siku hizi mnyama huyo huitwa Ekembo heseloni. Tulipofika, nikamwonyesha dani mteremko wenye mawe ya kijivu, nikamwambia mnyama huyo aliishi hapa takriban miaka milioni 18 iliyopita.

"Nani alihesabu?" akauliza. "Aliyehesabu alikuwapo?"

Swali zuri. Mwaka 1904 hata wakubwa wa sayansi walikuwa wakibishana. Lord Kelvin, mzee aliyeheshimika kuliko wote, alikuwa amekadiria umri wa dunia nzima kuwa kati ya miaka milioni 20 na 40. Rutherford, kijana wa miaka 32, akasimama jijini London mbele ya mzee huyo mwenyewe na kueleza kwamba mionzi huongeza joto ndani ya ardhi, kwa hiyo hesabu ya zamani haitoshi. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyomwona mzee ameamka kutoka usingizini akimkazia macho! Wakati huo huo akatoa wazo jipya, kwamba kama atomu zinapungua kwa mwendo usiobadilika, basi jiwe lenyewe ni saa. Hesabu kilichobaki na kilichozaliwa, utajua saa ilianza lini.

Huko Rusinga saa hiyo ni potasiamu 40, yenye nusumaisha ya miaka bilioni 1.25. Inapooza, sehemu yake hugeuka gesi ya arigoni. Zamani kulikuwa na volkano kubwa hapo karibu iitwayo Kisingiri. Ilipolipuka, jiwe lilikuwa limeyeyuka na gesi ilitoroka, yaani saa ikarudi sifuri. Majivu yalipopoa, arigoni ikaanza kukusanyika ndani ya vipande vidogo vya madini, na majivu hayo hayo yakafunika mifupa. Katika miaka milioni 18, ni kama atomu 1 tu ya potasiamu 40 katika kila 100 imeondoka, na katika hizo zilizoondoka, kama 1 kati ya 9 ndiyo iliyogeuka arigoni. Kiasi ni kidogo mno, lakini kinapimika. Mtu hahitaji kuwapo.

Dani akaokota kijiwe, akakipima mkononi. "Kumbe jiwe linaweka deni," akasema. Sijawahi kusikia maelezo bora.

Sasa, msomaji, usidhani ninamfanya Rutherford kuwa malaika. Mwaka 1932, katika maabara aliyoiongoza Cambridge, James Chadwick aligundua nyutroni. Mwaka uliofuata, Septemba 1933, Rutherford akahutubia mkutano na kusema kwamba anayetarajia kupata nishati kutokana na kugeuza atomu anaota ndoto za mchana. Gazeti likaandika. Mwanafizikia mmoja mkimbizi, Leo Szilard, akaisoma habari hiyo jijini London, akachukizwa, akatoka kutembea, na akiwa anavuka barabara akapata wazo la mfululizo wa nyutroni, moja ikizaa mbili, mbili zikizaa nne. Sisi watu wa programu tunaijua hesabu hiyo vizuri. Tarehe 2 Desemba 1942 mfululizo huo ukawashwa kweli jijini Chicago. Mwaka 1945 ukaangamiza Hiroshima na Nagasaki, na uraniamu nyingi ya bomu la Hiroshima ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kwa Waswahili wenzetu wa Kongo. Mwaka 1954 ukaanza kutoa umeme katika gridi huko Obninsk, Urusi. Rutherford alikuwa amekufa tangu 1937. Fundi aliyekifungua kiini hakuona kilichokuwa mlangoni kwake.

Mimi pia nimewahi kumwambia mteja "hilo haliwezi kutokea", na Jumatatu likatokea. Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia jambo la nyuklia haliwezi kutokea, namwuliza anipe namba. Na mtu akiniambia ni kifo kitupu, vile vile namwuliza namba. Kuna kanuni moja rahisi. Baada ya nusumaisha 10 hubaki sehemu 1 kati ya 1,024. Ndiyo, 1,024 ile ile ya kilobaiti! Iodini 131 inafika hapo kwa siku 80. Siziamu 137 kwa miaka 300. Plutoniamu 239 kwa miaka 241,000. Kwa hiyo "takataka ya nyuklia" si kitu kimoja, na jibu la dani si moja. Nchi ya Finland, kwa mfano, imechimba ghala ndani ya mwamba huko Olkiluoto, zaidi ya mita 400 chini, ili kuzika mafuta yaliyotumika. Sisi tutaweka wapi? Hilo ni swali la haki, na si la wasomi peke yao.

Jioni tuliporudi kwa kivuko, dani aliniambia hataniuliza kama akubali au akatae, kwa kuwa hilo ni lake na la majirani zake. Alitaka nimwandikie maswali kwenye karatasi, kwa Kijaluo na Kiswahili, aende nayo kwenye mkutano ujao. Tukayaandika pamoja juu ya benchi la kivuko, upepo ukitaka kuipeperusha. Takataka ya aina gani? Nusumaisha yake ni miaka mingapi? Itakaa wapi, na nani atailinda wakati sisi sote tumekufa? Maji ya ziwa yatakayopooza mtambo yatarudi na joto gani, na omena watafanyaje? Mwisho akaongeza la kwake, ambalo sikulibadilisha hata neno: kaburi la mume wangu liko ndani ya mpaka wenu au nje?

Nilienda Rarieda na hotuba, nikarudi Kisumu na nakala ya maswali. Bado naamini nchi hii inahitaji umeme zaidi, na bado namheshimu yule kijana wa nafasi ya pili. Alitupa njia ya kuuliza jiwe umri wake na kupata jibu la kweli. Naona haitakuwa sawa tukishindwa kumjibu mama mmoja wa omena kwa ukweli ule ule.

Kile kifuniko cha mwisho dani alikiweka dirishani. Juzi alinipigia simu akasema watoto wamekitikisa mara mbili zaidi na bado hakijalala chali.

Kuuliza si ujinga, ndugu zangu. Tuonane makala ijayo.