Palikuwa na Ng'ombe Wangapi?

Kila lugha ina desturi yake ya kusimulia mambo yaliyopita. Msimulizi wa Kiswahili akitaka kuanza hadithi husema, "Hapo kale palikuwa na mtu," na wasikilizaji hufahamu mara moja kwamba habari ni za zamani. Kama watu walikuwa kumi, husema vile vile, "Palikuwa na watu kumi." Mtu mmoja amekuwa watu kumi, wala neno "palikuwa" halikubadilika hata kidogo. Mwingereza hasemi hivyo. Kwa mtu mmoja husema "there was a man". Kwa watu kumi husema "there were ten men". Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, wala si kwa uvivu, bali kwa kuwa lugha hizi mbili huuliza maswali mbalimbali.

Kiswahili huuliza, Wapi? Katika nchi ya Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma, mchungaji aliyesimama chini ya mbuyu huweza kusema, "Hapa palikuwa na kisima," akionyesha mahali penyewe. Akinyosha mkono kuelekea mbugani, husema, "Huko kulikuwa na simba." Na akiinama kuchungulia zizini, husema, "Humu mlikuwa na ndama." Pa ni mahali panapojulikana hasa, ku ni upande fulani, au mahali pasipo mpaka, m ni ndani. Mwingereza hana tofauti hizo. Neno lake "there", likitumika hivi, limekwisha kuacha kazi ya kuonyesha mahali; hata huweza kusema "there was a well here", wala asione ajabu kuyaweka "there" na "here" katika sentensi moja.

Kiingereza huuliza, Wangapi? Kabla hajakitaja kitu chenyewe, msemaji imempasa kujua kama ni kimoja au ni vingi. Tena kuna jambo la ajabu. Matendo mengine yote ya Kiingereza, yakiwa ya wakati uliopita, hayajali hesabu: "the boy came", "the boys came". Tendo la kuwa peke yake ndilo lililohifadhi tofauti ya umoja na wingi tangu zamani. Basi mwanafunzi asiogope, maana hana maneno mia ya kukumbuka. Ni mawili tu.

Lakini maneno mawili hayo yaweza kugeuza habari nzima. Chukua mfano wa mtoto wa shule wa Chamwino, ambaye mwalimu wake amemwambia aandike kwa Kiingereza habari za kwao zamani. Anamwendea bibi yake, naye bibi anasema, "Kabla hatujahamishiwa kijijini mwaka 1971, kule kwetu palikuwa na tembe, palikuwa na ng'ombe, palikuwa na mbuzi. Sasa umebaki mbuyu tu." Mtoto anashika kalamu, anaandika "there", kisha mkono unasimama. Tembe ngapi? Ng'ombe wangapi? Majina haya matatu, tembe na ng'ombe na mbuzi, hayabadiliki katika umoja wala katika wingi, na "palikuwa" halimsaidii. Kwa kuwa Wagogo ni wafugaji, mtoto anadhani zizi lilijaa, anaandika "there were cows".

Hata hivyo moyo wake hautulii. Anarudi na kuuliza, "Bibi, ng'ombe walikuwa wangapi?" Bibi ananyamaza kidogo, kisha anajibu, "Alikuwa mmoja, mjukuu wangu. Wengine walikufa kwa ukame. Maziwa ya yule mmoja ndiyo yaliyomlea baba yako." Mtoto anafuta, anaandika "there was one cow". Kama asingeuliza, angalimfanya mwanamke maskini kuwa tajiri, na yule ng'ombe mmoja aliyeokoa nyumba angalipotea katika kundi ambalo halikuwako.

Yako maneno yanayotaka uangalifu zaidi. Maji kwa Kiswahili hufuata njia ya wingi: maji yalikuwa machache. Kwa Kiingereza maji hayahesabiki, nayo huchukua umoja, "there was water". Ndivyo ilivyo kwa mvua, kwa uwele na kwa njaa. Kinyume chake, "people" na "cattle" hayana alama ya wingi mwishoni, lakini ni wingi, nayo hutaka "were". Na kitu kinachohesabika kisipokuwako, Mwingereza mara nyingi hukitaja kwa wingi: "there were no cattle", hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Wazee wa Ugogo wanayo habari ya kuandikwa kwa maneno hayo yote. Kati ya mwaka 1917 na 1920 palikuwa na njaa kuu iliyoitwa Mtunya. Majeshi katika vita vya kwanza vya dunia yalikuwa yametwaa ng'ombe na nafaka, wanaume walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi, kisha mvua ikakosekana. Njaa ilikuwa moja, basi "there was a famine". Waliokufa walikuwa wengi mno, basi "there were many deaths". Anayebadili maneno hayo amevunja kanuni ya lugha. Anayekosa kuuliza hesabu amewasahau watu.

Wala mtu asidhani kwamba Kiswahili hakijui kuhesabu. Msemaji akikitanguliza kitu, na kuiacha ile "na", hesabu hutokea mara moja: "Ng'ombe alikuwako" ni mmoja, "Ng'ombe walikuwako" ni wengi. Vivyo hivyo, "Mbuyu ulikuwapo" na "Mibuyu ilikuwapo." Njia ipo, ila Kiswahili humwachia msemaji hiari, na Kiingereza humlazimisha.

Kwa hiyo mwanafunzi mwenye busara hutumia maswali yote mawili. Akisimulia kwa Kiswahili, hachanganyi hapa na huko na humu. Akiandika kwa Kiingereza, huhesabu kwanza, ndipo aandike. Na kama hajui hesabu, huwaendea wazee kwa adabu na kuwauliza, maana wao ndio daftari ya mambo yasiyokuwako tena. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari."