Nafasi ya 24 Haipo

Ukiiambia lugha ya C kwamba safu yako ina nafasi 24, hesabu inaanza 0 na kuishia 23. Nafasi ya 24 haipo. Lakini ukiandika hapo, C haikatai wala haipigi kelele. Inaandika tu, juu ya kitu cha jirani.

Mwaka jana jamaa wa Makueni alinitumia programu yake. Kikundi chao kina kisima kando ya bwawa la mchanga, yale ya Ukambani ambapo ukuta hujengwa mtoni, mchanga ukajaa nyuma yake, na maji yakajificha humo jua lisiyafikie. Arduino Uno R3 inapima kina kila saa, inapiga wastani wa siku, na kina kikishuka sana inazima pampu. Sasa pampu ilikuwa inazimika maji yakiwa tele, siku nyingine inavuta hewa. Watu washaanza kuchangia kihisi kipya. Mama anayeweka pesa zao akanipigia: "Mwana wakwa, tununue ama tusinunue?"

"Ngoja kwanza, mama."

Kihisi kilikuwa sawa. Safu ilitangazwa ndani ya funksheni, na funksheni ikiisha, safu inaenda nayo. Kila saa wastani ulipigwa kwa takataka. Tukaitoa nje ya funksheni zote, ikashika siku nzima. Saa ya 25, kiwango cha kuzima pampu kikabadilika chenyewe: programu ilikuwa imeandika kwenye nafasi ya 24, na jirani wa hapo ndiye kile kiwango. Dawa ni fupi. Ukifika 24, rudi 0, kipimo kipya kichukue nafasi ya kile cha zamani zaidi.

Jamaa akasema tuweke tu nafasi 1,000, tulale. Zii. Kila namba pale inakula baiti 2, na RAM yote ya Uno hiyo ni baiti 2,048. Sisi wa Kitui tunajua: unaangalia mtungi kabla ya kufungua mfereji.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imegoma. Bado kuna wanaoniuliza cheti. Hii kazi huniuliza mawili tu: hizi namba zinaishi wapi, na ziko ngapi?

Ile michango ilinunua mabomba.