Themosi Tunayo, Mbona Nyumba Inavuja Joto?

Watu wangu wa Kitale, leo tuongee ukweli. Karibu kila nyumba hapa ina themosi. Chai ikishapikwa saa kumi na mbili asubuhi, hakuna anayeiacha wazi kwa sufuria halafu saa nne awashe jiko upya. Lakini nyumba zenyewe tunazolala? Tunawasha makaa jioni, joto linapanda, linagusa mabati, linaenda zake. Saa nane usiku uko chini ya blanketi mbili na miguu bado ni barafu. Makaa umenunua wewe, anayepashwa joto ni mawingu.

Mimi kwetu ni Bungoma, kazi ndiyo ilinileta huku. Watu wa nyumbani huniuliza kwa simu mbona nalia baridi na si mbali hivyo. Jibu ni mwinuko. Bungoma mjini iko kama mita 1,400 juu ya bahari, Kitale kama 1,900. Kila ukipanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Hizo mita 500 zinakunyang'anya kama nyuzi 3, na bado hujahesabu upepo wa Mlima Elgon na Cherangany ikifika Julai.

Sasa kuna wazo linapendwa sana kwa ploti: leta jiko ndani, funga dirisha, ziba chini ya mlango na tambara, hewa yenye joto izunguke humo humo isipotee. Hapo nakataa kabisa. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Na usidanganywe na makaa yaliyoshika vizuri, yale mekundu yasiyo na moshi. Moshi angalau utakuwasha macho utoke. Hii haikuambii kitu. Kichwa kinakuwa kizito, usingizi unakuja, na huenda usiamke. Julai iliyopita kwa ploti yetu tulivunja mlango usiku tukamtoa dada mmoja na mtoto wake mchanga. Walipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema "si ni baridi tu, nitalala na jiko kidogo," siwezi kunyamaza.

Kuokoa joto na kuokoa hewa ni vitu viwili tofauti. Hewa chafu lazima itoke. Joto lake ndilo linaweza kubaki. Kule Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991 familia nne zilihamia nyumba zilizojengwa kwa wazo hilo. Hewa inayotoka na hewa inayoingia zinapitishwa kando kwa kando, katikati kuna ukuta mwembamba. Hazichanganyiki, lakini inayotoka inaiachia inayoingia joto lake. Wakorea nao tangu zamani wana ondol: moshi wa jikoni hupita chini ya sakafu ya chumba, unapasha mawe, kisha unatokea upande wa pili.

Na usiseme hayo ni ya ng'ambo. Jikoni kwa kukhu kule Bungoma, juu ya mafiga kuna dari ya fito. Mahindi ya mbegu yamening'inizwa hapo, joto na moshi vinayakausha na kufukuza wadudu kabla ya kutoka nje. Joto lile lile lililosonga ugali limepewa kazi ya pili. Na maharagwe je? Akishayachemsha vizuri, anaiweka sufuria yote kwa kikapu kilichojaa majani makavu ya ndizi na matambara, anafunika, anaenda shamba. Akirudi yameiva, na hakuna kuni iliyoongezwa. Sisi vijana tukaja mjini tukaviita vitu vya kishamba.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Kwanza, dari. Wenye ploti, kodi mnadai kila mwezi bila kukosa, na juu ya vichwa vyetu ni mabati matupu. Usiku wa anga wazi mabati yanapoa kuliko hata hewa ya nje, mvuke wa pumzi zetu unageuka maji hapo na kutudondokea kitandani. Weka dari ya mbao nyembamba tu. Ile hewa iliyotulia kati ya mbao na mabati ndiyo blanketi la bei rahisi kuliko yote.

Pili, wewe unayejenga kwako: jiko lijengwe kwa tofali, liwe na bomba la kutoa moshi, na liegemee ukuta wa chumba cha kulala. Tofali linakula joto jioni na kulitema polepole usiku. Hakikisha tu bomba halina ufa.

Tatu, sisi wapangaji tusio na sauti juu ya paa. Makaa yakibaki baada ya ugali, yachemshie maji huko huko nje. Tia maji kwa chupa ya mpira ya maji moto, funga kabisa, izungushie leso ili isikuchome, peleka kitandani. Hapo umeingiza joto ndani bila kuingiza sumu. Na kidirisha kibaki wazi kidogo, hata kama kuna baridi.

Mnakumbuka Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti kwa misitu ya umma? Tuliona vile bei ya gunia la makaa ilipanda. Kitu cha bei hiyo hakifai kupasha mabati, na hakifai kumuua mtu akiwa usingizini. Jiko likae nje. Joto lake ndilo liingie ndani.