Barua Taka katika Kisanduku cha Mwalimu

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwalimu awezavyo kupunguza barua pepe asizoziomba, na jinsi somo hilo liwezavyo kufundishwa hata katika chumba kisicho na kompyuta. Tumelifundisha hapa Kwa Mathias, Kibaha, kwa miaka kadhaa, nasi tumeona kwamba linahitaji mpango kama somo jingine lolote.

Jambo hili si dogo. Mmoja wa wanachuo wetu wa zamani alikuwa akingoja wito wa usaili wa kazi ya ualimu. Wito ulifika, lakini ulifunikwa na matangazo ya bahati nasibu, mikopo na viatu. Alipouona, siku ya usaili ilikuwa imekwisha kupita. Hakuwa mvivu. Kila Jumamosi alifuta barua hizo zote, na kila Jumatatu alikuta nyingine. Ni dhahiri, basi, kwamba kufuta si kupunguza.

Sababu yake ni gharama. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Kimarekani ya Digital Equipment Corporation alitangaza kompyuta kwa watu wapatao 400 kwa ujumbe mmoja. Atumaye kwa posta hununua stempu kwa kila barua. Atumaye barua pepe huweza kuwafikia maelfu kwa gharama ndogo mno. Hata akijibiwa na wachache sana, amepata faida. Kufuta kwetu hakumpunguzii kitu.

Katika kufundisha, huwagawa wanachuo katika makundi ya watu watano. Kila kundi hupewa vipande kumi vya karatasi, kila kimoja kikiwa na jina la mtumaji, anwani yake na kichwa cha barua. Kazi yao ni kuvipanga katika mafungu matatu na kutoa sababu.

Fungu la kwanza ni la watumaji tunaowajua na kuwangoja: chuo, mwajiri, jamaa. Hizo hutunzwa.

Fungu la pili ni la wafanyabiashara halali tuliowapa anwani wenyewe. Dawa yake ni kujiondoa kwa kitufe kilicho chini ya barua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumiwe kumtangazia biashara.

Fungu la tatu ni la wageni. Hao wasijibiwe, wala viungo vyao visifunguliwe, wala kitufe chao cha kujiondoa kisibonyezwe, kwa maana huenda kikawajulisha kwamba anwani ina mwenyewe. Barua ziwekewe alama ya barua taka, ili kichujio kijifunze kuzitenga. Lakini kichujio nacho hukosea. Yafaa jalada la barua taka likaguliwe kila juma.

Kundi moja liliwahi kubishana sana juu ya barua iliyojiita ya benki. Jina lilikuwa la benki, bali anwani haikuwa yake. Ubishi huo ulifundisha zaidi kuliko maelezo yetu: jina huweza kuazimwa, hivyo anwani ndiyo ya kuchunguzwa.

Mwishoni wanachuo huuliza, “Anwani yetu waliipata wapi?” Nasi huwataka wataje kila mahali walipoiandika. Hutaja karatasi za mahudhurio ya semina, fomu za maduka, na kibanda cha kuchapia barua ambako mhudumu aliwafungulia anwani na kulijua neno lao la siri. Hapo hubaini wenyewe mlango wa kufungwa: neno la siri libadilishwe, anwani moja iwe ya kazi tu, na nyingine iwe ya madukani.

Ndugu mwanachuo, kabla hujaondoka chuoni, panga kisanduku chako katika mafungu hayo matatu. Wito wako wa kazi utahitaji nafasi ya kuonekana.