TUTEMBELEE MSITU WA NGEZI

Leo tutembelee Msitu wa Ngezi. Msitu huu uko kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba. Ukitoka Chake Chake kwenda kaskazini, utafika Konde. Ukipita Konde, barabara inaingia msituni. Hapo jua linapungua na hewa inakuwa baridi. Mivule mirefu imesimama. Pia kuna mipapindi. Mpapindi ni mti wa jamii ya mnazi, nao huota Pemba tu.

Zamani sehemu kubwa ya Pemba ilikuwa msitu. Katika karne ya 19 msitu mwingi ulifyekwa ili kupanda mikarafuu. Ngezi ulibaki. Leo ni hifadhi ya Serikali. Hifadhi ni mahali panapolindwa. Huruhusiwi kukata miti wala kuwinda ovyo.

Pemba imetengwa na bara kwa bahari yenye kina kirefu. Kwa hiyo ndege wake walikaa peke yao miaka mingi sana, wakawa tofauti na wenzao wa bara. Ziko aina 4 za ndege ambazo hazipatikani mahali pengine duniani.

Wa kwanza ni ninga wa Pemba. Ni njiwa wa kijani na kijivu. Hula matunda ya miti.

Wa pili ni bundi mdogo. Mchana hujificha penye majani mengi. Usiku hutoka kula wadudu. Wako watu wanaoogopa sauti yake, lakini hana madhara kwa mtu.

Wa tatu ni chozi. Hunyonya maji matamu ya maua.

Wa nne ni ndege mdogo wa manjano. Ana duara jeupe kuzunguka jicho.

Chozi na huyu wa manjano huonekana hata karibu na nyumba. Bundi naye hukaa pia kwenye mikarafuu. Lakini miti ya matunda ikiisha, ninga atakula nini? Vichaka vikiisha, bundi atajificha wapi? Hawana Pemba nyingine ya kuhamia.

Je, tunaweza kuwaokoa? Ndiyo. Tazama popo wakubwa wa Pemba. Popo si ndege, lakini naye hutegemea miti. Waliwindwa hata mwaka 1989 wakabaki wachache sana. Wanavijiji wakaanza kuwalinda. Kufikia mwaka 2007 walikuwa maelfu.

Basi, tusikate ovyo miti ya matunda ya porini iliyo mashambani. Tupande miti ya kuni karibu na nyumba. Tusiwashe moto kando ya msitu. Ngezi ni mali yetu sote.